Ng'ombe Walipokunywa Maji ya Ubatizo

Siku mliponiaga kazini mlinipa saa ya ukutani na mashuka mawili, mkaniomba niwaandikie, wadogo zangu katika kazi, habari za miaka yangu ya uinjilisti. Saa imeshasimama. Mashuka ni mazuri, Mungu awabariki, na kwa ajili ya mashuka nimekaa leo mezani kuandika. Habari za vyeo na mishahara naziruka, kwani vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaandikia jinsi tulivyofanya kazi, na zaidi habari za Koko Nasieku na bwawa lake, kwa sababu kila mmoja wenu amewahi kuisikia hadithi hiyo vibaya kutoka kwa mtu ambaye hakuwepo.

Nilianza katikati ya miaka ya sabini, nikiwa msichana wa Karatu niliyemaliza shule na kusoma Biblia miaka michache. Kanisa letu la Kibaptisti lilikuwa na wachungaji wachache na vituo vingi, kwa hiyo akina mama ndio waliotembea. Nilikabidhiwa kwa Mama Martina, mwinjilisti wa siku nyingi, Mmbulu mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso. Nilikuwa nimevaa vya kisigino, nimeazima kwa dada yangu.

"Hivyo ni vya harusi," akasema. "Unaolewa leo?"

Nikavivua. Tulikwenda Endabash kwa miguu, mimi peku, nikiwa nimebeba chombo chetu kikuu cha kazi: ubao wa flaneli. Ninyi mna projekta, hamuwezi kuelewa. Ni ubao uliovikwa kitambaa chenye manyoya, na juu yake unabandika picha za karatasi zilizogundishwa kipande cha kitambaa kile kile nyuma, zinashika. Zinashika, ilimradi hakuna upepo. Endabash mwezi wa nane upepo upo. Somo langu la kwanza lilikuwa la kondoo aliyepotea, na nilipombandika tu yule kondoo, upepo ukamchukua ukampeleka kwenye shamba la mbaazi. Nilitaka kulia. Mama Martina akasimama, akawageukia akina mama waliokaa chini.

"Haya, somo limeanza," akasema. "Mtafuteni."

Wakatawanyika shambani wakicheka, na mama mmoja alipompata akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Hata leo sijapata kufundisha somo lile vizuri kuliko upepo ulivyolifundisha.

Kwa Mama Martina nilijifunza mambo ambayo chuoni hayasemwi. Ukifika kwenye mji wa watu ukakuta wanapukuchua mahindi, kaa upukuchue, Biblia itafunguliwa gunia likijaa. Usikatae kikombe cha kwanza cha chai, hata kama kinanuka moshi. Mwenye kulia mwache alie mpaka amalize, usimkatize kwa mstari wa Zaburi. Na ukikosea mbele za watu, cheka wewe kwanza, maana watacheka tu.

Baada ya kama miaka miwili nikapewa upande wa Ngorongoro. Hakuna aliyeutaka. Kule juu ukungu unaingia mpaka ndani ya blanketi, na usafiri ulikuwa lori lolote litakalokubali kusimama likuchukue kwenye geti la hifadhi. Kilimo kilikuwa kimekatazwa ndani ya hifadhi, kwa hiyo akina mama wa Kimaasai walishuka na punda wao Karatu kutafuta mahindi, nami nikapanda na hao hao wakirudi. Kimaa changu, yaani lugha yao, kilikuwa cha kuombea maji tu. Waliponicheka nilicheka nao, kama nilivyofundishwa, na kidogo kidogo kikakua.

Ndipo nikamjua Koko Nasieku. Koko ndivyo wanavyomwita bibi. Boma lake lilikuwa upande wa Nainokanoka, naye alikuwa mrefu, mkavu, amenyoa kichwa kinang'aa, shanga shingoni mpaka kwenye kidevu. Alikuja darasani kwangu siku ya kwanza kwa sababu, alisema, alitaka kuona mtu mzima anayetembea na picha za kitoto. Akaendelea kuja. Alikuwa mwanafunzi msumbufu kuliko wote niliopata kuwa nao na sijampenda mwingine hivyo. Nilipobandika picha ya Yordani kufundisha habari za ubatizo, akainama akaitazama karibu.

"Huu mto, ng'ombe wananyweshwa wapi?"

"Koko, Biblia haikusema."

"Basi aliyeandika hakuwa na ng'ombe," akasema, akarudi kukaa.

Lakini alikuwa ameamini. Aliamini waziwazi, mbele ya wanawe, na alitaka kubatizwa. Sisi, kama mnavyojua, tunazamisha mtu mzima mzima, hatunyunyizi, na kule kwake maji ya kumzamisha mtu hayakuwepo isipokuwa wakati wa mvua kubwa, na wakati wa mvua kubwa barabara haipitiki. Mara mbili mchungaji wetu aliahidi kupanda na mara mbili petroli ikakosekana. Miaka ikawa inapita. Kila nilipofika, Koko aliniuliza kabla ya salamu kwisha: "Maji yangu yako wapi?"

Sasa njooni mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sukari ilikuwa habari ya kusimuliana, sabuni tulikata vipande kwa uzi. Mama Martina akaja na wazo kwamba akina mama wote watumishi, wainjilisti, walimu wa Jumapili na viongozi wa vikundi, wakusanyike Karatu siku chache wafundishane kazi. Wazee wa kanisa waliuliza nani atawalisha. Akawajibu kwamba wanaowalisha wao kila siku watajilisha wenyewe.

Wakaja. Wa Mbulumbulu walileta maharage na mabua ya ngano ya kutandika sakafuni, wa Endabash walileta mbuzi aliyekula sehemu ya yale mabua. Kila mtu na sahani yake na blanketi lake. Tulifundishana kuhubiri, kutunza wagonjwa, kushona, na jinsi ya kumjibu mume anayesema kanisa limemwibia mke. Somo hili la mwisho liliongezewa muda kwa maombi ya wengi.

Nami nilikuwa nimempelekea Koko ujumbe: njoo, safari hii maji yapo. Mwanawe Lemayan alikuwa anashusha ng'ombe mnadani Karatu siku hizo hizo, kwa hiyo alitembea na msafara wao, akatangulia yeye na wakwe zake wawili, wake za Lemayan, na punda wao kufika kwetu. Miguu ilikuwa imevimba. Nilipokuwa nikimkanda kwa maji ya chumvi akaniambia taratibu, bila kulalamika: "Paulina, mvua ikianza tunahamia bondeni Olbalbal. Miguu hii haitapanda tena mlima kuja huku. Ni safari hii."

Nilisema nimeelewa. Nilielewa vizuri sana.

Kanisa letu halikuwa na bwawa la ubatizo, na kijito kilikuwa kimekauka. Tukachimba shimo nyuma ya kanisa, udongo wetu ule mwekundu, tukalitandika turubai la kuanikia ngano, halafu tukajaza maji kwa kichwa kutoka kwenye chemchemi. Akina mama wote, ndoo, madebe, sufuria, mpaka karai la kuogea watoto. Siku nzima ya Ijumaa ilikwisha hivyo, tukiimba kwenda na kunyamaza kurudi, kwa sababu njia ya kurudi ni kilima. Jioni maji yalifika kiunoni, safi, unaona turubai chini. Mchungaji akaja akayatazama akasema ni bwawa zuri kuliko alilobatizwa yeye. Ubatizo ungekuwa Jumamosi asubuhi baada ya somo, kwa sababu adhuhuri alikuwa na lori la kumpeleka Mbulu kufungisha ndoa ya mtoto wa kaka yake. Lori likiondoka hakuna jingine, na Jumapili mchana siku zile magari binafsi yalikuwa yamepigwa marufuku barabarani.

Wa kulinda bwawa aliwekwa Mzee Tluway, shemasi wetu, mwanamume pekee tuliyemruhusu kwenye mkusanyiko maana alijua kupasua kuni. Tulimpa fimbo na kiti.

Jumamosi tulikuwa ndani, tumefumba macho, Mama Martina anaomba kwa kirefu, ndipo nikasikia kengele. Za ng'ombe. Nikadhani zinapita barabarani. Hazikupita. Halafu nikasikia ile sauti ya wanyama wengi wakifyonza maji kwa pamoja, sauti ambayo mtu aliyezaliwa kwetu haulizi ni ya nini. Nikafumbua macho nikakuta mkusanyiko mzima umefumbua macho. Mama Martina peke yake alikuwa bado anaomba, akiombea mvua.

Tukatoka. Ng'ombe walikuwa wamelizunguka bwawa bega kwa bega, wengine wameingiza miguu ya mbele ndani, na chini limebaki tope jekundu. Lemayan amesimama pembeni, ameegemea mkuki wake, ameridhika kabisa. Na Mzee Tluway amesimama naye wakizungumza mambo ya malisho.

"Mzee!" Mama Martina akapaza sauti. "Tulikuweka hapa ufanye nini?"

"Kulinda."

"Umelinda nini?"

"Nililinda mbwa wasiingie," akasema Mzee. "Huyu kijana alifika na ng'ombe wana kiu. Akaniuliza kama maji ni ya kunywa. Nikamwambia ni safi, wamechota jana."

"Na hukumwambia ni ya ubatizo?"

Mzee Tluway akamtazama kana kwamba Mama Martina ndiye aliyepotewa na akili. "Martina, ng'ombe wana kiu na maji yapo. Ningewaambiaje?"

Hapo sasa ningependa msicheke haraka. Babu zake Mzee Tluway na babu zake Lemayan walijuana kwa mishale tu. Mmbulu kumnyweshea Mmaasai ng'ombe, tena kwa adabu, ni jambo ambalo siku nyingine tungelitolea shukrani madhabahuni. Na yeyote kati yetu, akiwa kwenye kiti kile na fimbo ile, angefanya vivyo hivyo. Ng'ombe mwenye kiu kwetu hafukuzwi majini. Sote tulilijua hilo, ndiyo maana hakuna aliyeweza kumgombeza zaidi. Tulisimama tu tukitazama tope.

Aliyeweza kugomba alikuwa mmoja. Koko alitoka kanisani mwisho kwa sababu ya miguu, akasukuma watu, akaona mgongo wa ng'ombe wake mwenyewe, yule wa kijivu.

"Lemayan! Umeninywea maji yangu!"

"Yeyo, mama yangu, nilidhani wametuchimbia," akasema yule mwanamume mzima, mwenye wake na watoto, sauti imekuwa ndogo. "Nimewashukuru hata. Muulize mzee."

"Nilikuwa niingie humo. Miaka yote hii nilikuwa nangoja kuingia humo."

Mkuki ukateremka. Nadhani hakuwa ameelewa mpaka dakika ile mamake alifuata nini Karatu.

Mchungaji alitazama shimo, akatazama jua. Lori lilikuwa tayari linapiga honi sokoni. Alikuwa mtu mwema, nawaambia hilo kabla hamjamhukumu. "Itabidi mwezi ujao," akasema. "Nitapanda mwenyewe."

Nikamtafsiria Koko. Alikaa chini kwenye ukingo wa lile tope, akakunja shuka lake la lubega miguuni. Mimi nikaenda nyuma ya jiko nikalia, na Mama Martina akaniacha nilie mpaka nikamaliza, kama alivyonifundisha. Kisha akaniletea ndoo.

"Kachote," akasema.

"Mchungaji ameondoka, mama."

"Maji nayo yameondoka. Tuanze na maji."

Tulirudi chemchemini. Akina mama wa Mbulumbulu, ambao shingo zao zilikuwa hazigeuki tangu jana, wakachukua ndoo bila kuambiwa. Na tulipofika tukamkuta Lemayan. Alikuwa ameacha ng'ombe wake na wenzake mnadani, akawashusha mizigo punda wa wake zake, akawafunga madebe, na sasa alikuwa ameinama anachota. Mmaasai mwanamume na punda wa maji! Kwao punda ni wa wanawake, na maji ni ya wanawake, na mwanamume anayeonekana nyuma ya vyote viwili ataimbwa mpaka uzeeni. Vijana wa mnadani walipanga mstari barabarani kumtazama, wakamwita majina ambayo sitayaandika. Akapita katikati yao akiwaswaga punda, hatazami kulia wala kushoto, akarudi tena, na tena. Mzee Tluway alimfuata na ndoo kila mkono, ingawa mgongo wake ulikuwa wa kuonewa huruma.

Jumapili asubuhi bwawa lilikuwa limejaa. Kanisa lote likaja, wanaume kwa wanawake, likalizunguka, na likajaa ukimya wa watu wenye maji bila mchungaji. Mama Martina akasimama.

"Mzee Tluway, wewe ni shemasi. Nani alimpa mchungaji wetu ruhusa ya kubatiza?"

"Kanisa," akasema Mzee. "Tulinyoosha mikono. Wewe ulikuwepo."

"Kanisa ni nani?"

Mzee akatazama huku na huku. Hiyo ndiyo shida ya kuwa Mbaptisti, ukiulizwa kanisa ni nani huwezi kumwonyeshea kidole mtu aliye ofisini mbali, unatazamana na jirani yako. "Ni sisi," akasema.

"Basi naliuliza kanisa. Huyu mama abatizwe leo au arudi kwake?"

Mikono ikapanda. Ya akina mama yote mara moja, ya wanaume ikifuatana kwa kutazamana. Mzee Tluway alikuwa wa mwisho, na mpaka alipofariki alishikilia kwamba hakusita, ila mikono yake ilikuwa na ndoo.

"Na nani aingie naye majini?"

Wote wakamtazama Mama Martina. Nami pia. Lakini Koko aliuliza nimtafsirie, nikamtafsiria, akanishika mkono. "Aliyenionyesha mto ndiye aniingize."

Niliogopa, wadogo zangu. Niliogopa kwamba wazee watasema nimejipa kazi ya watu, na niliogopa vile vile kumwangusha. Mama Martina akanivua saa na kuninong'oneza mambo ya kazi tu: mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine juu ya mikono yake, kitambaa puani, akunje magoti, usimwinue kwa kiuno chako. Hayo yaandikeni, ndiyo niliyowafundisha wote.

Koko alikuwa hajawahi kuingia maji yanayopita kifundo cha mguu. Aliingia kama anaingia zizini, kichwa juu. Mafuta na udongo mwekundu wa ngozi yake vikaanza kuelea kutuzunguka. Nikasema maneno, kwa Kimaa na kwa Kiswahili, nikamlaza. Yule bibi alipohisi miguu inaondoka chini, akanikumbatia shingoni kwa nguvu zote za mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote, tukaenda chini wote wawili. Kwa hiyo siku ile nilibatizwa mara ya pili, na kanisa halikuwa limelipigia kura. Tulipoibuka tunakohoa, watu walikuwa wanacheka na kulia na kupiga vigelegele vyote pamoja, na Lemayan aliingia majini na nguo zake kumsaidia mamake kutoka. Sijawahi kufurahi hivyo tena.

Koko alipokwisha kufunikwa blanketi alitazama bwawa. Tulikuwa tumepanga kumwagilia maji hayo shamba la maharage la mchungaji.

"Lete ng'ombe waliobaki," akamwambia mwanawe. "Sasa wanywe."

Wakanywa.

Mchungaji alirudi kutoka Mbulu akiwa ameshasikia habari zote njiani, na nyingine zaidi. Hakunifokea. Alisema tu kwamba baadhi ya wazee wa makanisa mengine wana wasiwasi, na kwamba ingekuwa vema twende kwa Koko kabla ya mvua, azungumze naye, na kama mwenyewe ataridhika, ubatizo urudiwe kwa utaratibu. Tulipanda na lori la mahindi.

Koko alitupokea mbele ya boma, nikainamisha kichwa akanigusa utosini, kama watoto wanavyosalimiwa kwao, tukapewa maziwa. Mchungaji akaeleza taratibu, kwa upole wake wote, nami nikatafsiri neno kwa neno. Koko akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea nje, kwenye mteremko mkavu ambao chini yake, mbali sana, ndiko walikokuwa wakiteka maji.

"Mwambie maji yale yalibebwa mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza na wanawake, mara ya pili na mwanangu, na bado anaimbwa mpaka leo. Kama anataka mara ya tatu, punda wale pale."

Lemayan alikuwa ameanza kucheka kabla sijafungua mdomo. Nikatafsiri. Mchungaji akawatazama punda, akautazama mteremko, akanywa maziwa yake mpaka tone la mwisho, akamwombea Koko heri, tukaondoka.

Tulishuka mpaka tukapita getini. Hapo akanigeukia juu ya magunia matupu ya lori.

"Paulina, Mbulumbulu kuna watu wanaosubiri ubatizo. Jumapili ijayo utaingia nao majini wewe."

"Na wewe, mchungaji?"

"Mimi," akasema, "nitalinda bwawa."

Na alililinda, amesimama na fimbo mkononi, mpaka wa mwisho alipotoka.